Somo: Kuhamisha fanicha Skyrim bila vyombo kuruka hadi darini

Wakuu, habari za muda huu. Kila anapoingia mtu mpya kwenye gemu ya Skyrim, swali lake halichelewi: mbona sahani naibeba, kikapu nakitupa, ndoo namvika mwenye duka kichwani nikamwibia mchana kweupe, lakini kiti cha nyumba yangu, nilichokilipia, hakisogei hata nikikipigia Fus Ro Dah, ule ukelele wa kusukuma kila kitu? Leo tutakisogeza. Somo hili ni la toleo la kompyuta, liwe la 2011 au Special Edition la 2016. Wenye PlayStation na Xbox, lenu lipo kwenye maswali huko chini.

KWA NINI KITI KIMEGOMA

Usiruke sehemu hii, maana asiyeielewa ndiye atakayerudi hapa kesho kulia kwamba nyumba imeharibika.

Bethesda, watengenezaji wa Skyrim, waliingiza Havok kwenye Elder Scrolls (mfululizo wa gemu ambao Skyrim ni mmojawapo) kuanzia Oblivion ya 2006. Havok ni injini ya fizikia iliyoanzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1998, na Half-Life 2 ya 2004 nayo iliitumia. Kabla ya hapo, kwenye Morrowind ya 2002, ulikuwa ukipanga rundo la vitabu kisha ukatoa cha chini, vya juu vinabaki vinaelea hewani bila wasiwasi.

Sasa, Havok haijui kiti ni nini wala sahani ni nini. Inachosoma ni jinsi kitu kilivyoandikishwa. Kilichoandikishwa kuwa tuli, kwake ni ukuta: unagongana nacho, hakigongani nawe. Kilichoandikishwa kuwa cha kubebeka kina uzito, kina msuguano, kina umbo la kugongana (umbo rahisi lisiloonekana, lililofunika picha unayoiona). Ukikigusa tu hesabu zinaanza: kinaangukia wapi, kinadunda kiasi gani, kinateleza mpaka wapi. Kikishatulia, injini inakilaza ili prosesa ipumzike, na hakiamki mpaka kitu kingine kikiguse. Neno hilo la kulala lishikeni, tutalihitaji.

Fanicha za Skyrim karibu zote ni tuli, na sababu ipo. Wakazi wana ratiba zao, muda wa kula na muda wa kulala, na kila kiti kina alama isiyoonekana inayomwonyesha mkazi asimame wapi kabla hajakaa. Hebu fikiria kiti kimepinduliwa kimelalia mgongo, halafu baba wa watu anakuja kukikalia. Pili, kila kitu kilichohama lazima kiandikwe kwenye sevu yako, na gemu hii ilitakiwa ikimbie kwenye PS3 yenye MB 256 za kumbukumbu kuu. Kwa hiyo wachezaji wa 2011 nawaambia wawasamehe. Nisichokisamehe mimi ni Hearthfire, nyongeza ya Skyrim ya 2012: unapasua magogo, unafua misumari, unajenga nyumba kwa jasho lako, halafu meza inatokea pale walipoamua wao.

Na mjue kuwa hata watengenezaji wenyewe Havok imewahi kuwachezesha. Mwaka 2021 Nate Purkeypile, aliyekuwa msanii Bethesda, alisimulia kisa cha ule mkokoteni wa mwanzo wa gemu. Wakati wa utengenezaji mkokoteni ulikuwa mara nyingine unatikisika, kisha unaruka angani kama roketi, na hakuna aliyejua kwa nini. Kumbe ni nyuki. Awali nyuki walikuwa hawaokoteki kwa ajili ya kutengenezea dawa. Tatizo hilo likarekebishwa, lakini aina ya umbo la kugongana waliyopewa ikawafanya wagongane na kila kitu huku wao hawasukumiki. Nyuki akikatiza barabarani, mkokoteni unamgonga, na asiyesukumika anashinda. Ukilielewa hilo umeielewa Havok nzima: uzito wa kwenye picha hauna maana, maandishi ndiyo yenye maana.

HATUA YA 1: FUNGA FREMU KWENYE 60

Fizikia ya Skyrim imefungamanishwa na kasi ya fremu, yaani picha ambazo gemu inachora kila sekunde. Ukienda fremu 144 kwa sekunde, hesabu zinapotoka, na ndipo unapoingia ndani unakuta vikombe vinacheza sindimba juu ya meza. Kwenye Special Edition fungua faili la SkyrimPrefs.ini (lipo Documents, My Games, Skyrim Special Edition), hakikisha iVSyncPresentInterval=1. Skrini yako ikiwa ya Hz 60, umemaliza. Ikiwa ya Hz 120 au 144, mstari huo pekee hautoshi. Nenda kwenye mipangilio ya kadi yako ya picha, uweke kikomo cha fremu 60 kwa gemu hii tu.

HATUA YA 2: VUA MEZA

Okota kila kilicho juu ya meza au kabati unalotaka kuhamisha. Kila kitu, hadi kijiko. Usipofanya hivyo, meza itaondoka na mkate utabaki umelala hewani (si nilisema unalala?), halafu siku utakapoupitia karibu utaamka na kuanguka, na utakapoangukia hukupanga wewe.

HATUA YA 3: FUNGUA KONSOLI, BOFYA KITU

Sevu kwanza, kwenye sevu mpya, usiandike juu ya ile ya zamani. Kisha bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc kufungua konsoli, yaani sehemu ya kuiandikia gemu amri. Gemu itasimama na utaona sehemu ya kuandika chini kushoto. Bofya meza kwa kipanya. Juu ya skrini itatokea namba ndefu yenye tarakimu na herufi. Hiyo ndiyo namba ya meza hiyo, hiyo moja tu, si meza zote.

Hapa ndipo wengi wanaumia. Ndani ya nyumba za Skyrim kuna moshi, vumbi na mwanga ambavyo navyo ni vitu, na vinabofyeka. Unadhani umeshika meza kumbe umeshika mwale wa jua. Dawa yake: funga konsoli, sogea karibu, chuchumaa, fungua tena, ubofye kwenye mbao yenyewe. Kuhakikisha, andika:

disable

Meza ikitoweka, ndiyo yenyewe. Andika enable irudi. Ukiona ukuta ndio umetoweka, usishtuke, enable na ujaribu tena. Ila markfordelete usiiguse kwa majaribio. Hiyo inafuta moja kwa moja.

HATUA YA 4: SOGEZA

Kuna mihimili mitatu: x na y ni za sakafuni, z ni juu na chini. Andika:

getpos x

Tuseme inakujibu 210. Kwa vipimo vya Skyrim, yuniti 70 ni karibu sana na mita moja. Unataka meza isogee mita moja? Andika:

setpos x 280

Imeenda upande usioutaka, andika setpos x 140. Haijaenda upande wowote kati ya hizo mbili, basi unaitaka y. Hakuna haja ya kujua kaskazini ya nyumba ni wapi, jaribu tu, ukiwa unabadilisha namba kidogo kidogo. Kuhusu z: ukiizidisha, meza inaelea na itaendelea kuelea, kwa sababu ni tuli, mvutano wa ardhi haiujui. Kwa hiyo kama sakafu ni ile ile, z usiiguse kabisa.

Kuzungusha ni getangle z, kisha jibu lake uliongeze 90 kwa robo mzunguko: likiwa 0, andika setangle z 90. Angle za x na y ziache, zinalaza kitu kwa namna ambayo utahangaika kukisimamisha.

Na kama unataka kiti kije ulipo wewe, kibofye uandike moveto player, halafu urekebishe kwa setpos.

Mara nyingine picha inahama lakini umbo la kugongana linabaki kule kule: unajikwaa kwenye meza isiyoonekana, na ile inayoonekana unapita katikati yake. Andika disable, subiri kidogo, enable. Ikikataa, nenda hatua inayofuata.

HATUA YA 5: TOKA NJE, RUDI NDANI

Toka mlangoni hadi nje, kisha rudi. Gemu inapakia nyumba upya na kila kitu kinakaa na umbo lake.

HATUA YA 6: VYOMBO MWISHO

Sasa rudisha vitu vidogo, lakini usivipange bado. Viangushe vyote sakafuni kutoka kwenye mzigo wako, toka nje tena, rudi. Hapo ndipo uanze kuvipanga: shikilia E juu ya kitu, kitaning'inia mbele yako, kipeleke juu ya meza, kishushe taratibu mpaka kiguse, ndipo uachie. Ukiruka hatua hii ya kutoka na kurudi, kuna hatari siku ukiingia ukute vitu vimerudi pale ulipoviangushia.

Acha nafasi ndogo kati ya kitu na kitu. Ukibananisha magurudumu matatu ya jibini, maumbo yao yanaweza kuwa yameingiliana kwa kiasi usichokiona. Leo hayasogei kwa sababu yamelala. Nyumba ikipakiwa upya, Havok inagundua vitu viwili vimekaa nafasi moja, jambo ambalo haliruhusu, inavitenganisha kwa nguvu, na jibini linakupokea mlangoni.

MASWALI YENU

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Laptop yangu haifiki hata hizo fremu 60, inacheza 30 na kitu. Nina tatizo?

Huna. Shida iko kwenye kuzidi, si kupungua. PS3 na Xbox 360 zenyewe zilikuwa za fremu 30.

Swali: Sisi wa PlayStation tumeachwa?

Konsoli ya amri huko haipo, ndugu yangu. Kilichopo ni modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) kuanzia Special Edition, na Xbox wana uhuru zaidi, maana Sony hawakuruhusu modi zenye vitu vipya, kama picha na sauti, kutoka nje ya gemu. Modi nyingi ukiziwasha, tuzo zinazima, kwa hiyo kama wewe ni mkusanyaji wa tuzo, zimalize kwanza. Usipotaka modi, hatua ya 6 inakuhusu yote, badala ya E ni kushikilia X, au A kwa Xbox. Na kama kupanga nyumba ndiyo raha yako hasa, cheza Fallout 4 ya 2015: ni injini ya ukoo ule ule, ila humo kuhamisha kitanda kwenye makazi yako ni sehemu ya gemu.

Swali: Breezehome yangu, ile nyumba ya kununua Whiterun, kabati nililonunua kwa muuzaji wake Proventus nikiandika disable halitoki. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Samani zile za kununuliwa zimefungwa kwenye kitu kingine kisichoonekana, ambacho ndicho kinachoamua zionekane au zisionekane. Ndivyo zinavyotokea zote kwa pamoja ukishalipa. Mara nyingi kitu cha namna hiyo hakitii disable. Lakini setpos kinatii. Kisogeze, kisha umbo la kugongana ulirekebishe kwa kutoka nje na kurudi.

Swali: Kaka, nimepanga sebule vizuri, sasa Lydia, yule mlinzi wangu, anatembea akikwama kwenye meza niliyohamisha, halafu pale meza ilipokuwa anapazunguka wakati ni peupe. Amerogwa?

Hajarogwa, anafuata ramani. Chini ya kila sakafu kuna ramani ya njia iliyochorwa na watengenezaji, na walipoichora waliikata kuzunguka fanicha za wakati ule. Wewe umehamisha meza, ramani haijahama. Kwa konsoli huwezi kuibadilisha. Unaweza kuichora upya kwa Creation Kit, programu ya bure ya Bethesda waliyoitoa 2012, ila hilo linataka somo lake. Kwa sasa, fanicha kubwa zipeleke ukutani au pembeni, ambako wakazi hawana shughuli ya kupita, na uache njia ya kutoka mlangoni hadi kitandani kama ilivyokuwa.

Swali: Nilipanga upya Bannered Mare, ile nyumba ya wageni ya Whiterun. Niliporudi baada ya safari ndefu kila kitu kimekaa kama mwanzo!

Sehemu za watu hujirudisha zilivyokuwa baada ya siku 10 za ndani ya gemu bila wewe kufika, na mapango uliyokwisha kuyasafisha ni siku 30. Nyumba uliyonunua ndiyo salama. Kazi ya mikono yako uifanye kwako.

Swali: Kuna gemu yoyote ya hivi ambayo kiti kinasogea bila shida zote hizi?

Zipo, na si jambo jipya. Ultima VII ya 1992 ulikuwa unaburuta kiti kwa kipanya, unakanda unga na kuoka mkate. Baldur's Gate 3 ya 2023 unabeba kreti na mapipa, unayapanga mlangoni kumzuia adui, na watu wamemaliza mapigano makubwa kwa mapipa tu. Kwa fizikia yenyewe, kwangu mimi Tears of the Kingdom ya 2023 iko mbele: unagandisha ubao na gurudumu, na kinachotokea kinatembea. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayonipa kikapu cha kumvika mwenye duka.

Swali: Mkuu ni kweli mtu anaweza kupita ukuta kwa sahani?

Kweli kabisa. Unashika sahani kwa E, unaibana kati yako na ukuta, kisha unatumia Whirlwind Sprint, ule ukelele wa kukurusha mbele kwa kasi, kuielekea. Umbo lako na la sahani yanaingiliana kwa ghafla, injini inatafuta pa kukutemea, na mara nyingine panapopatikana ni upande wa pili. Sevu kabla, maana nyuma ya kuta nyingi hawakujenga sakafu.