Kiki na Besi Kwanza: Namna ya Kuchanganya Sauti za Muziki wa Pop na wa Kielektroniki

Anayejifunza kuchanganya sauti Dar es Salaam mara nyingi hufanya kazi chumbani kwake, kwa kompyuta ndogo na programu kama FL Studio, ilhali wimbo wake utasikika kwenye simu, ndani ya bajaji na katika maspika makubwa ya ukumbini. Wimbo wa kuchezeka hausimami mahali pote hapo iwapo kiki, yaani ngoma nzito ya chini, haijapatana na besi. Kwa hiyo nashauri uanze na hizo mbili.

Chumba nacho kina neno lake. Godoro lililosimamishwa ukutani na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa sauti za kati na za juu, ingawa hayazuii besi. Panga boi lizimwe unaposikiliza kwa makini, hata kama joto ni kali. Kwa miezi mingi nilipandisha haihati, yaani matoazi madogo ya sauti kali, kupita kiasi bila kutambua kwamba mvumo wa feni ulikuwa ukizifunika, na nyimbo hizo zilipopigwa ukumbini ziliumiza masikio ya watu.

Shusha sauti za njia zote, pandisha kiki peke yake, kisha ingiza besi taratibu, ukihakikisha kwamba wimbo mzima utakapokamilika kilele chake kitabaki takribani desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha sauti kwenye programu. Kiki na besi hugombea eneo moja, hasa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 na 100, hivyo ni lazima uamue ipi itawale wapi: ikiwa nguvu ya kiki iko kwenye hezi 55, ipunguze besi hapo kwa desibeli 2 au 3. Baada ya hapo weka kwenye besi kompresa, yaani kifaa cha programu kinachoshusha sauti yenyewe, inayoongozwa na kiki, ili kila kiki inapopiga besi iiname kidogo na kuinuka tena.

Muda wa kuinuka huko ndio unaowapotosha wengi, kwa sababu masomo mengi ya mtandaoni yameandaliwa kwa muziki wa house, aina ya muziki wa kielektroniki wa kuchezeka. Gawa 60,000 kwa idadi ya midundo kwa dakika, nawe utapata milisekunde kati ya mdundo mmoja na unaofuata. Wimbo wa midundo 125 una milisekunde 480, kwa hiyo besi inayorejea baada ya 200 bado ina nafasi ya kutosha. Singeli, muziki wetu wa kasi sana, ya midundo 240 ina milisekunde 250 tu. Ukinakili kipimo kilekile, besi itakuwa imeinama karibu muda wote, nawe utadhani ni dhaifu na kuipandisha bure.

Sauti ya mwimbaji ikatwe chini ya hezi 80 hadi 100, na ikisikika nzito kama imefunikwa, punguza kidogo kati ya 200 na 400. Herufi “s” na “sh”, ambazo Kiswahili kinazo kwa wingi, huchoma zaidi kati ya kilohezi 5 na 8. Zidhibiti hapo bila kuizima sauti yote. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo mwangwi mrefu hulifunika neno linalofuata, na mimi hupendelea mwangwi mfupi unaofuata tempo ya wimbo.

Sikiliza kazi yako kwa mono, kwa sababu vyombo vya kumbi nyingi huunganisha pande zote mbili, kulia na kushoto, kuwa moja. Isikilize pia kwenye simu: spika yake ndogo haitoi sauti za chini kabisa, hivyo besi iongezewe ukwaruzo kidogo ili isikike hata huko. Usiikamue miksi kwa ajili ya kelele, kwani Spotify na YouTube hushusha nyimbo zilizozidi takribani LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Hatimaye ipige ndani ya bajaji injini ikiwa inanguruma, uandike kilichopotea, kisha urudi chumbani ubadilishe jambo moja kwa wakati.