SOMO: Nguzo za msingi za kugongwa, usizihukumu siku ileile

Wadau, "nguzo inazama kirahisi ikigongwa ardhini kwa nyundo, niongeze kipande cha kuirefusha?" inaulizwa kila wiki. Jibu nimeliweka hapa.

1. Pima udongo kwanza.

2. Chora alama nguzoni kila sentimita 25, hesabu mapigo kwa kila alama.

3. Weka mto wa plaiwudi kichwani, ukiungua, badilisha. Kwenye udongo laini punguza kimo cha nyundo, maana nguzo ya zege isipokuta ukinzani chini, pigo hurudi likiivuta, na zege hupasuka kwa kuvutwa.

4. Anzia katikati ya kundi, toka nje. Pima levo ya vichwa vilivyotangulia; kilichonyanyuka kigongwe tena.

5. SUBIRI. Hapa ndipo pesa zinapotea. Kwenye mfinyanzi uliolowa, kama wa bonde la Luiche upande wa Ujiji, nguzo husukuma udongo haraka kuliko maji yanavyoweza kutoka. Shinikizo la maji hupanda, udongo unaacha kuibana nguzo, nayo inateleza. Maji yakishatoka, siku kadhaa hadi wiki, udongo hubana upya na uwezo hupanda. Aliyeunganisha kipande siku ileile amezika chuma bure. Rudi baada ya siku 7 au zaidi na nyundo ileile, usome mapigo machache ya mwanzo tu. Ukiendelea unauvuruga udongo tena. Tahadhari: mchanga wa chembe ndogo sana ulioshindiliwa hufanya kinyume. Leo mgumu, kesho umelegea. Huo nao urudie.

Mkuu, nigonge mpaka mapigo mangapi?
Udongo gani? Kipenyo? Uzito wa nyundo? Hujaandika hata kimoja. Njoo navyo.

Mwalimu, nguzo yetu ya chuma iko mchangani, Kibirizi. Kwenye jaribio la mzigo vipimio vya ndani ya nguzo vinasema kitako (ncha ya chini) hakibebi karibu chochote. Inawezekana?
Swali zuri sana, dada. Sifuri ya vipimio mliiweka lini? Kama ni baada ya kugonga, mmefuta mzigo uliokwisha kunaswa. Kila pigo likiisha nguzo hutaka kurudi juu. Udongo wa ubavuni huizuia, kitako kinabaki kimebanwa. Basi kitako husomeka pungufu na ubavu husomeka zaidi, ila jumla ni sahihi. Wekeni sifuri nguzo ikiwa bado haijaanza kugongwa.

Na nguzo za kuchimba shimo na kumimina zege?
Hizo hazisukumi udongo, zinaulegeza. Chimba, safisha tope la chini, mimina zege siku hiyohiyo. Shimo lililolala wazi kuta zake hunyonya maji na kulainika.