Pikipiki ya kwanza ya bei poa: ichukue na feringi au iache wazi?

Kama ndo unatafuta pikipiki yako ya kwanza na hela sio nyingi, yaani unaangalia injini ya cc 125 au 150 au ukijibana sana 300 hivi, lazima utafika mahali pa kujiuliza: nichukue yenye feringi, nichukue ya wazi, au nichukue ya wazi afu feringi nije kufunga mwenyewe baadae? Jibu langu nalitoa mapema ili ujue nasimama wapi. Kama unaanza na muda mwingi unatembea chini ya kilomita 80 kwa saa, chukua ya wazi, ukipenda ongeza kakioo kadogo hapo mbele basi. Kama kila siku unakula barabara kuu masafa marefu, tafuta iliyotoka kiwandani na feringi yake. Ile njia ya tatu ya kufungia feringi nzima juu ya pikipiki iliyotengenezwa iwe wazi ndo naomba unisikilize vizuri zaidi, maana mi nimeipitia.

Feringi ni ile bodi ya plastiki inayofunika mbele na ubavuni, wengine wanaita kava tu. Iko nzima, inayoshuka mpaka chini ya injini, iko nusu, inayofunika juu na kuacha injini nje, na iko ile ndogo kabisa ambayo ni kama kofia ya taa na kioo kifupi juu yake. Watu wakisema feringi wanachanganya zote tatu wakati kazi zake hazifanani kabisa, kwahiyo kabla hujabishana na mtu muulize anaongelea ipi.

Sasa upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huo upepo inapanda mara nane, sio mara mbili. Kwa mtu aliyekaa wima kwenye pikipiki ndogo ya wazi, ukiwa 50 upepo unakula nguvu ya kama farasi mmoja na robo hivi (farasi ni kipimo cha nguvu ya injini), injini haisikii kitu, ila ukifika 100 upepo peke yake unataka farasi kama 10, na 125 nyingi za bei ya chini zina farasi kama hao hao 10. Ndo maana unakamua mafuta mpaka mwisho na mshale haupandi tena, injini haina tatizo lolote, imefika tu kwenye ukuta wa upepo. Hapo feringi nzuri inasaidia kweli, na kulalia tangi kunasaidia pia. Ila jiulize kwa siku unatembea 100 dakika ngapi. Kama wewe ni wa kwenda kazini na kurudi, taa, foleni, kona, matuta, hiyo plastiki yote umeibeba bure, na kwenye mafuta pia hutaona tofauti ya maana kwenye mwendo huo mdogo.

Halafu kuna kitu wengi hawaambiwi, kioo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kioo. Pikipiki ya wazi upepo unakuja umenyooka, unakupiga kifuani, unachoka lakini kichwa kimetulia. Ukiweka kioo kifupi upepo unaruka juu yake ukiwa umevurugika na unaenda kugonga helmeti, kichwa kinatikisika kama kuna mtu anakipiga vibao vidogo vidogo, na kelele ndani ya helmeti inaongezeka. Kabla hujanunua kioo fanya hivi: pikipiki iwe imesimama, kaa kama unavyokaa ukiendesha, mwambie mtu ashike boksi la karatasi gumu pale kioo kitakapokaa alisogeze juu na chini. Ncha ya juu inatakiwa iwe usawa wa pua au chini yake kidogo, ili macho yako yaangalie juu ya kioo na sio kupitia kioo, maana usiku mvua ikinyesha na taa za gari zinakuja mbele, kioo kilichochunika hakikuonyeshi kitu.

Upepo wa ubavuni nao usiusahau. Plastiki pana ubavuni ni kama tanga, na pikipiki za kujifunzia ni nyepesi, ukipita lori au ukitoka kwenye kivuli cha majengo kuingia eneo la wazi unasukumwa. Mpaka kwenye mashindano ya dunia walikuwa na feringi zilizofunika tairi ya mbele yote, kama yai, zilikuwa na kasi sana, ila upepo wa pembeni ulizifanya ziwe hatari na shirikisho la mchezo likazipiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Hizi za leo zinaacha tairi nje kwahiyo hazifiki huko, ila fizikia ni ile ile, na mtu mwenye wiki mbili barabarani akisukumwa kidogo anakaza mikono kwenye usukani, na mikono ikikaza ndo inazidi kuyumba.

Tuje kwenye kuanguka. Utaiangusha. Sikutishi, karibu kila anayeanza anaiangusha, na mara nyingi sio kwa mwendo, ni imesimama: umegeuza kwenye changarawe, umesahau stendi, umeweka mguu kwenye shimo. Pikipiki ya wazi ikilala hivyo unapinda mkono wa klachi, unavunja indiketa, unachuna ncha ya usukani, unanyanyua unaendelea na safari. Yenye feringi ikilala hivyo hivyo, plastiki ndo inagusa chini kwanza, inapasuka pale bolti inapoingia, kile kisikio kinakatika, na kipande kizima kinaanza kulia kila ukipita kwenye tuta. Kipande kimoja cha kiwandani kinaweza kukugharimu kuliko vile vyote vya wazi nilivyotaja ukivijumlisha. Na hii sio hesabu yangu mimi tu, zile pikipiki wanazoita strityfaita zilianza Ulaya miaka ya 80 kwa sababu hiyo hiyo, watu walianguka na pikipiki zao za kasi, wakaona bei ya plastiki mpya haishikiki, wakang'oa zote wakaweka usukani wa juu na taa ya duara wakaendelea kuendesha. Miaka ya 90 viwanda navyo vikawa vinauza pikipiki kubwa za wazi kama mtindo, Ducati Monster ya 1993 ndo iliyofungua sana huo mlango.

Ukiamua kuchukua yenye feringi basi hela ya kwanza kabisa baada ya kununua iende kwenye gadi au yale mapande ya plastiki ngumu yanayofungwa kwenye chesisi ili yatangulie kugusa chini kabla ya kava. Kabla ya stika, kabla ya eksozi, kabla ya taa za rangi.

Service nayo iko hivi. Ya wazi unachuchumaa unaiona plagi, unaona oili kama inavuja, unaona waya umechubuka wapi, na mtu anayeanza anatakiwa aijue pikipiki yake kwa macho. Yenye feringi nzima, hata kuangalia plagi tu kuna bolti nane kumi za kufungua na visikio vya kuomba Mungu visikatike, matokeo yake watu hawafungui, na uvujaji mdogo unakaa chini ya kava miezi mpaka uwe mkubwa.

Uzuri ni kwamba unaweza kulinganisha bila kubahatisha, maana viwanda vinatoa pikipiki mbili zenye injini moja, moja imevaa na nyingine iko wazi. Yamaha wana R3 na MT-03, zote 321cc, ninayoitaja kwanza ndo yenye feringi. Kawasaki walitoa Ninja 400 na Z400, Honda walitoa CBR500R na CB500F. Kama unaweza kuzipata zote mbili sehemu moja, kaa juu ya moja dakika tano nzima, sio sekunde kumi, hafu kaa juu ya nyingine. Sikiliza viganja na mgongo. Kata usukani kulia na kushoto uone unaenda mpaka wapi, kwenye pikipiki nyingi za feringi za mtindo wa mbio usukani uko chini na unakatika kidogo, kugeuza kwenye njia nyembamba inakuwa kazi kwa mtu mpya. Ila sio zote, zipo zenye feringi na kikao cha wima kabisa, kwahiyo usihukumu kwa plastiki, hukumu kwa usukani na vikanyagio. Kingine, kwenye feringi iliyofungwa kwenye chesisi taa haigeuki na usukani. Usiku ukikata kona kali pole pole taa inamulika mbele kule na wewe unaingia gizani. Sio kasoro, ila lijue kabla, usilijulie kwenye kona.

Haya, njia ya tatu, kujifungia mwenyewe. Swali la kwanza, injini yako inapozwa na nini? 125 na 150 nyingi za bei poa zinapozwa na upepo, yale mapezi mapezi ya chuma kwenye silinda yanataka hewa ipite juu yake. Ukiyafunika umeinyima injini pumzi, oili inakuwa nyepesi, ikichemka inapoteza nguvu na inaanza kugonga ukiivuta mlimani. Zilizotoka kiwandani na feringi nzima mara nyingi zina rejeta, yaani zinapozwa na maji, na kava lake limetobolewa ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kwahiyo kama yako ina mapezi, weka nusu tu, silinda iachwe nje, na lile kava la chini ya injini lililo kama bakuli achana nalo. Ukilazimisha, hakikisha hewa ina pa kuingia NA pa kutokea, watu wanatoboa mbele wanasahau nyuma.

Pili inashikwa wapi. Kava zito likifungwa kwenye usukani, upepo wote unaolipiga unakuja moja kwa moja kwenye mikono yako na pikipiki inaweza kuanza kucheza kichwa kwenye mwendo. Kioo kidogo chepesi kwenye usukani sawa. Kitu kikubwa kishikwe kwenye chesisi, pointi tatu au zaidi, na kila bolti iwe na mpira, maana injini ya silinda moja inatetema mpaka plastiki iliyobanwa kavu kavu inapasuka yenyewe bila kuanguka. Usikaze kama unakaza nati ya tairi. Na ile gundi ya kuzuia bolti zisilegee usiweke kabisa inapogusa plastiki, inaila, baada ya siku chache unaona nyufa kama nywele kuzunguka tundu, tumia nati yenye plastiki ndani inayojishika yenyewe.

Tatu, na hapa ndo mi nilipopatia somo. 125 yangu ya kwanza niliifungia nusu feringi, fundi akamaliza, ikapendeza, nikatoka nayo. Hakuna aliyekata usukani mpaka mwisho, si yeye si mimi. Nafika sehemu ya kugeuza nikakata kushoto wote, kile chuma cha kushikia kava kikavuta waya wa mafuta, injini ikapanda yenyewe wakati niko na mguu mmoja chini. Nikabana klachi nikashuka nayo taratibu, ikalala, feringi ya siku moja ikapasuka katikati. Kama pangekuwa na gari mbele sijui. Kwahiyo ukimaliza kufunga, weka stendi ya kati, hakikisha iko nyutro, washa, iache sailensa, yaani ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, pole pole mara kadhaa. Mlio wa injini usibadilike hata kidogo. Angalia waya wa klachi, mpira wa breki na wayaringi ya taa havivutwi wala havibanwi, liva, yaani mikono ya klachi na breki, hazigusi kava, na vidole vyako navyo vinapita. Hafu kaa juu na uikandamize mbele shokapu zishuke, tairi na madigadi yake visiguse plastiki.

Kwa anayenunua iliyotumika: feringi mpya inayong'aa kwenye pikipiki ya zamani iogope kidogo. Plastiki inaficha ila vitu vingine vinasema. Angalia ncha za usukani, ncha za liva, vikanyagio, kifuniko cha injini upande wa klachi, na pale chini usukani unapogonga kwenye chesisi ukikata mwisho, kama pamepinda au pamemeguka hiyo ililala vibaya. Bolti za kava zisizofanana zinaonyesha lishawahi kufunguliwa, muulize kwanini, na akikubali fungua upande mmoja uangalie ndani kwa tochi.

Ukishakuwa nayo, kioo osha kwa maji mengi na sabuni laini na kitambaa cha kulowa, usifute vumbi kikavu, na dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia usiisogeze. Petroli na oili ya breki vikidondoka kwenye plastiki mwagia maji hapo hapo. Na ukiona ufa umeanza, toboa kijitundu kidogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kutembea, hafu geuza kipande uunge kwa nyuma ukiwa na muda.