Namna ya Kuchunguza Jinsi Dawa Inavyozuia Kimeng'enya

Mwanafunzi wa uuguzi, awe Arua au Kampala, hukariri majina ya dawa upesi na kuyasahau upesi zaidi. Ni afadhali aanze na kimeng'enya chenyewe, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, yenye mfuko mdogo ambamo kitu kinachobadilishwa hutua.

Kwanza uliza kimeng'enya ni cha nani. Fansidar, ambayo mama mjamzito huimeza kliniki mbele ya muuguzi, ina dawa mbili zinazolenga vimelea vya malaria: salfadoksini huzuia kimeng'enya ambacho binadamu hana kabisa, nayo pirimethamini huzuia kimeng'enya ambacho sisi pia tunacho, ila hukishika kile cha vimelea kwa nguvu zaidi. Vimeng'enya hivyo viwili huviwezesha vimelea kupata foleti, vitamini ya kuundia DNA.

Kisha uliza dawa inakaa wapi. Salfadoksini hufanana na malighafi ya vimelea, hivyo hugombea mfuko uleule, kama abiria wanaogombea bodaboda moja. Mzuio wa namna hii hulegea malighafi inapozidi, au vimelea vinapopata foleti iliyo tayari. Ndiyo sababu mama anayetumia Fansidar hushauriwa kumeza asidi ya foliki, yaani foleti ya kidonge, ya miligramu 0.4 kwa siku, wala si kidonge cha miligramu 5, ambacho huweza kuidhoofisha dawa. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usitegemee rangi ya kidonge.

Uliza pia kama dawa huondoka. Ibuprofeni hukiachia kimeng'enya baada ya saa kadhaa, lakini aspirini hukibandika kipande chake ambacho hakibanduki. Chembe sahani za damu, kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kutengeneza kimeng'enya kingine cha kuzisaidia kugandisha damu, kwa hiyo damu hukawia kuganda kwa siku 7 hadi 10, mpaka chembe mpya zizaliwe.

Mara nyingine kinacholengwa ni kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingine, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Ritonaviri huongezwa kwenye lopinaviri, dawa ya VVU, ili lopinaviri isivunjwe mapema, lakini mzuio huohuo huipandisha simvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli, katika damu hadi kiwango cha hatari kwa misuli. Mwombe mgonjwa alete dawa zake zote, zikiwemo zile alizojinunulia dukani.