Jinsi ya kujiandaa na usaili ili kichwa kisigome ukishafika mlangoni

Mwaka jana nimeshuka stendi ya Nanenane alfajiri, baridi ya Dodoma unaijua, bahasha ya kaki kwapani, nikagombana na dereva bajaji kuhusu nauli mpaka getini. Nusu saa baadaye niko mbele ya paneli, swali la kwanza tu, kitu nilichokipigia msuli wiki 2, nimekodoa macho kama mbuzi. Nikaomba msamaha, nikatoka, sijafika hata kwa mama chapati jibu lote likaja, mpaka na namba za vifungu!

Sio kwamba umerogwa. Ukishtuka, vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo vinamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, fasta, moyo unadunda, viganja vinalowa. Kotisoli, homoni nyingine ya stresi, inakuja nyuma yake polepole na kilele chake ni kama dakika 20 mpaka 30 baada ya mshtuko. Sasa hizi hizi ndo zinaiamsha amigdala, kale kasehemu ka ubongo ka hisia, kaiambie sehemu ya jirani inayotunza kumbukumbu kwamba hiki kitu kishike. Ndo maana watu kibao wanakumbuka usiku wa tarehe 17 Machi 2021 walikuwa wapi tangazo la kifo cha Magufuli liliposomwa, aliyekuwa anakula ugali na mlenda anakwambia mpaka mlenda ulikuwa wa nani. (Na usibishane nae, japo uhakika alionao sio lazima uwe ukweli wote.)

Kwa hiyo presha inasaidia kuingiza, shida ni kutoa. Mwaka 1998 watafiti de Quervain, Roozendaal na McGaugh waliwafundisha panya sehemu ya kujiokoa ndani ya maji, halafu wakawapiga shoti kabla ya kuwapima. Waliopigwa dakika 30 kabla walipotea, ila waliopigwa dakika 2 kabla au saa 4 kabla walikuwa fresh tu. Hapo ndo nikaelewa yule wa bajaji niliyegombana nae nusu saa kabla alinifuata mpaka ndani.

So cha kwanza ni muda. Kama unatoka Dar panda treni ya jana yake, lala hata kwa mshkaji kule Ng'ong'ona, Dodoma, nauli patana jioni. Asubuhi fika lisaa limoja na nusu kabla, kaa mbali na wale wanaoulizana maswali kwenye foleni, wale ni sumu kabisa. Na desa liache geto.

Cha pili, na hapa ndo kwenye nyama, badilisha unavyosoma. Wengi tunasoma desa mara 5 tukipaka rangi mistari, tunajiona tumeiva. Funga desa, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka bila kuchungulia, ukikwama kaa hapo hapo uteseke kidogo, ndo ufungue ucheki ulichoacha. Kesho yake rudia, keshokutwa tena. Kuna utafiti wa 2016 wa chuo cha Tufts kule Marekani, waliosoma kwa kujipima hivi walitiwa stresi na wakakumbuka vilevile, waliosoma kwa kurudiarudia wakaanguka. Mimi siku hizi namwomba dada anihoji kwa sura ya kununa, nimesimama, nimevaa na tai juu, wapangaji wenzangu wanacheka mpaka basi.

Kama roho bado juu, dakika 10 kabla ya kuingia andika kwenye karatasi kile unachokiogopa, hivyo hivyo kilivyo, "nitasahau, watanicheka, mama anasubiri hela". Wanafunzi wenye woga wa mitihani waliofanya hivi kwenye utafiti wa 2011 walifanya vizuri zaidi. Ikunje tia mfukoni.

Vidonge vya kutuliza mapigo ambavyo wengine wananong'onezana, achana navyo kama daktari hajakupa.

Na ukigoma ukiwa ndani? Usililazimishe jibu, ukilisukuma ndo linazidi kukimbia. Shusha pumzi taratibu, sema "naomba sekunde chache", halafu anza na chochote cha pembeni unachokijua, ile sheria inahusu nini, uliisomea wapi, mfano wake kazini, maana kumbukumbu zimeshikana, ukivuta moja nyingine inafuata. Usaili wa pili nilianza kwa kuelezea mfano tu, sentensi ya tatu kifungu kikajileta chenyewe.