Kadi za Plickers kwa darasa la watoto 94 na simu moja tu

Jumamosi iliyopita nimeshinda na mwalimu mwenzangu tunaandaa hizi kadi za Plickers (kadi za karatasi ambazo watoto wanainua kujibu swali, na simu ya mwalimu inazisoma kwa kamera) kwa ajili ya darasa lake la tano, na kuna sehemu tulipita dakika mbili tu wakati mimi mwaka jana ilinila wiki nzima. Kwa hiyo naandika yote hapa, mwenye kuhitaji achukue.

Mi nafundisha Sayansi darasa la sita, shule ya msingi ya serikali, watoto 94, projekta hakuna, simu ni hii yangu. Ukiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia "Ndiyooo mwalimu!" mpaka mabati yanavuma, halafu jioni unafungua madaftari unakuta hakuna kilichoingia. Hicho kiitikio hakikuambii kitu, na ndo maana nikaanza kutafuta njia ya kujua kila mtoto anawaza nini palepale kabla kipindi hakijaisha.

Wengi wataanza na Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni. Kwa wenye vifaa sawa, ila inataka watoto wawe na simu au kompyuta, na ile mbio ya nani kawahi kubonyeza siipendi kabisa, mtoto anayefikiri taratibu anaonekana hajui. Plickers mtoto anashika karatasi, mwalimu peke yake ndo ana simu. Kila kadi ina namba yake na mchoro wake mweusi, kwenye pande nne kuna A, B, C na D, jibu ni ile herufi iliyo juu mtoto akiinua kadi. Herufi zimeandikwa ndogo makusudi ili jirani asichungulie, na kwa kuwa michoro haifanani, hata akiona mwenzake kageuza vipi haimsaidii.

Hatua ya 1: akaunti

Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti yao, weka apu kwenye simu, tengeneza darasa. Badala ya majina kamili mi naandika jina la kwanza tu.

Hatua ya 2: kadi

PDF za kadi ziko kwenye tovuti yao, bure. Kuna seti ya kadi 40 na seti ya kadi 63. Sasa wewe una watoto 94, utafanyaje? Wape kadi moja watoto wawili wanaokaa dawati moja. Mimi natumia kadi 47, na nakwambia hata ningekuwa na kadi 94 nisingebadilisha, maana wawili wakishika kadi moja lazima waongee ndo waigeuze. Angalizo: yule mjanja asiwe mshikaji kila siku. Wabadilishane, leo huyu kesho yule.

Hatua ya 3: karatasi, hapa soma taratibu

Nilienda steshenari nikachapisha zote, nikalipia na laminesheni, yaani kuzifunika kwa plastiki, ili zidumu, zikatoka nzuri zinang'aa. Kesho yake saa nne asubuhi darasani, simu ikasoma kadi 12 kati ya 47. Nikazunguka, nikasogea, nikarudi nyuma, zikafika 15. Kipindi cha dakika 40 kikaisha hatujamaliza swali moja, na watoto mikono imechoka.

Nikajua ni simu. Nikaazima ya mke wangu, hali ileile. Nikafuta apu nikaiweka upya, wapi. Nikaenda kuchapisha upya nikijua wino ulififia, nikalamineti tena, yaani hela mara mbili. Usiku nikazipanga ukutani sebuleni, simu ikazisoma zote mara moja! Hapo ndo nikachukua kadi moja nikaenda nayo darasani Jumamosi bila watoto, nikaishika kuelekea dirishani nikawa naiinamisha kidogokidogo. Ile plastiki inaakisi mwanga wa dirisha, mchoro mweusi kwenye kamera unageuka mweupe. Darasa langu lina madirisha pande zote mbili, kwa hiyo popote niliposimama kuna kadi zilikuwa zinang'aa.

Kwa hiyo USILAMINETI kwa plastiki ya kung'aa. Chapisha kwenye karatasi ya manila, au karatasi ya kawaida uibandike kwenye boksi gumu kwa gundi ya uji wa ngano kama tunavyobandika zana za kufundishia siku zote. Za kwangu za boksi zimemaliza muhula na bado zinasomeka.

Na mengine ya hapohapo:

Ukikata, usiumalize ule ukingo mweupe unaozunguka mchoro, kamera inauhitaji ili ijue mchoro unaanzia wapi. Mweusi uwe mweusi kweli, fotokopi yenye wino hafifu au michirizi ikatae. Kadi isijipinde. Vidole visifunike mchoro: mi nimechora duara mbili za penseli nyuma ya kila kadi, watoto wanajua hapo ndo pa kushika. Kadi ishikwe mbele ya uso, maana wakiishusha tumboni aliyekaa mbele anaikinga. Na wewe simama mwanga ukiwa unatoka mgongoni kwako unawapiga wao. Wa nyuma kabisa kama hawasomeki usiwapigie kelele, tembea mpaka katikati ya darasa.

Hatua ya 4: swali

Swali ambalo wote watapata ni kupoteza muda, na ambalo wote watakosa vilevile. Tafuta lile ambalo unajua kuna kosa watu wengi wanalo kichwani. Mfano nililotumia: Mmea unapata wapi chakula chake? A, kwenye udongo. B, kwenye maji. C, unajitengenezea kwenye majani. D, kwenye mbolea. Liandike ubaoni, projekta ya nini?

Na kabla ya swali la kweli anza na la mazoezi, kama "Leo ni siku gani?", maana siku ya kwanza wapo wataoweka herufi yao chini badala ya juu.

Hatua ya 5: kuskani mara mbili

Washa data, fungua swali, pitisha kamera polepole kuanzia kushoto kwenda kulia. Siku ile kadi 31 zilisema A, udongo. Na tulikuwa tumemaliza somo la usanisinuru wiki iliyotangulia, wameitikia ndiyo zote!

Hapa usitaje jibu. Jizuie. Waambie tu "majibu yamegawanyika, geukieni dawati la nyuma mkabishane dakika tatu". Hii mbinu ya kupiga kura, kujadiliana na jirani, kisha kupiga kura tena ilienezwa na Eric Mazur, anayefundisha fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, alianza nayo 1991. Nikawa napita katikati ya madawati nasikiliza, kuna mtoto alikuwa anamwambia mwenzake, "Sasa kama anakula udongo, mbona ule mchongoma kwenye ndoo udongo hauishi?" Mimi sikuwa na maelezo mazuri kuliko hayo.

Skani ya pili, C zilikuwa 38. Zile 9 zilizobaki apu inakuonyesha ni namba zipi, nikakaa nao wakati wa mapumziko. Majina usiyasome mbele ya wenzao, na usifanye hizi kura kuwa alama za mtihani, wakishahofia alama wataanza kuigana na huoni tena wanachowaza.

Hatua ya 6: kukusanya

Kiranja akusanye kwa mpangilio wa namba kabla kengele haijalia. Ikipotea moja, tuseme 17, chapisha ule ukurasa wake tu, na mchoro wa 17 usimpe mwingine hata siku moja, majibu yatachanganyika.