Kioo cheusi unapoweka Linux: usiizime bado

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa Langoni, Lamu, ni za mtumba, na zenye kadi ya picha ya NVIDIA ndizo zinazosumbua zaidi. Unachomeka flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, menyu inakuja, unachagua kusakinisha, kisha nembo inaganda au kioo kinakuwa cheusi. Mwenyewe hudhani mashine imekufa. Haijafa, ndugu yangu. Mara nyingi kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoongoza vifaa, na kadi ya picha hawajaelewana tu.

Kwanza ifanye iseme. Iwashe upya, na menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, ikitokea, simama kwenye chaguo la kwanza ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na linux. Humo mna maneno quiet splash: yafute, kisha bonyeza F10. Sasa utaona maandishi yakiteremka pale palipokuwa na nembo. Isome vizuri mistari ya mwisho, maana wengi huikimbilia dawa kabla ya kuuliza maradhi. Ikitaja nouveau, amdgpu au i915, ambazo ni draiva, yaani programu za kuendeshea kadi za picha, shuku picha. Ikitaja squashfs (faili lililobanwa ndani ya flashi) au I/O error (kosa la kusoma), achana na kioo: flashi ni mbovu, au faili la Linux ulilopakua halikushuka lote. Lipime kwa amri ya sha256sum, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ulikolitoa.

Ikiwa ni picha, iwashe upya, rudi kwenye mstari ule ule, andika nomodeset pale palipokuwa na quiet splash, kisha F10. Neno hilo huizuia kerneli isijipangie kioo yenyewe, kwa hiyo unapata picha ya kawaida kabisa. Debian, mojawapo ya aina za Linux, ina pia kisakinishi cha maandishi matupu, na kwa mashine kongwe mimi hukichagua hicho.

Picha itakuwa kubwa na nzito. Vumilia, kwa sababu nomodeset ni mkongojo wa kukuvusha tu. Mwalimu mmoja wa madrasa aliachiwa nao na fundi aliyemwekea Linux, akawa anaona video zikikwamakwama na kuamini ndivyo Linux ilivyo. Iliniuma, kwani dawa yake ilikuwa amri moja.

Usakinishaji ukiisha, giza laweza kurudi. Unapowasha, shikilia Shift, au gusa Esc kwa mashine za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, upate GRUB na uandike nomodeset tena. Ukishaingia, ikiwa Linux yako ni Ubuntu, unganisha intaneti uandike amri hii ya kuweka draiva:

sudo ubuntu-drivers install

Secure Boot, kinga inayokagua programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, utaombwa nywila, ikumbuke. Ukiwasha upya utaona skrini ya buluu: chagua Enroll MOK, uiandike nywila ile. Ukiipita skrini hiyo, draiva ya NVIDIA haitapakiwa. Kisha fungua faili la /etc/default/grub, uondoe nomodeset kama imebaki humo, na uandike sudo update-grub.

Draiva za AMD na Intel zimo ndani ya kerneli, kwa hiyo hapo jaribu toleo jipya zaidi la Linux. Na giza likiendelea, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, uandike journalctl -b -p err. Makosa utayasoma hapo.